Katoro nayo ipate pa kupungia upepo

Jumapili jioni Katoro, mkoani Geita, mtu anayetaka kutoka nyumbani akakae nje, apigwe na upepo na azungumze na wenzake bila kununua chochote, hana pa kwenda. Atakuta viti vya plastiki vimepangwa mbele ya grosari, na akivuta kimoja mhudumu ameshafika: "Nikuletee nini?" Atakuta meza ya pool chini ya turubai, imezungukwa na vijana waliotoka machimboni wiki hiyo hiyo. Atakuta kijiwe cha bodaboda, kila dereva amekalia siti ya pikipiki yake, mguu mmoja chini, macho barabarani kusaka abiria. Atakuta baraza za maduka yaliyofungwa, ambako wazee wawili watatu wamejibanza kwenye ngazi ya saruji. Na katikati ya yote hayo inapita barabara ya lami itokayo Geita kwenda Bwanga, yenye malori na mabasi yasiyojua Jumapili.

Mji wenyewe si fukara hata kidogo. Katoro imekua kwa biashara na dhahabu. Wachimbaji wadogo wa Lwamgasa, Nyarugusu na machimbo mengine ya jirani huja kununua nguo, simu, vipuri, unga, mabati na saruji. Wenye maduka ya jumla huuzia wenye maduka madogo wa vijijini, na njia ya kwenda Ushirombo inaongeza wateja kutoka upande wa Bukombe. Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012 ulihesabiwa mwaka huo kuwa na watu wapatao milioni 1.74. Sensa ya 2022 ikakuta 2,977,608. Ongezeko la zaidi ya watu milioni moja katika miaka 10 lina maana moja kwa mji kama huu: kila shamba lililokuwa pembeni jana lina msingi wa nyumba leo. Mwaka 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipotangaza majimbo mapya nchini, Katoro ilikuwa miongoni mwa yaliyotajwa.

Basi mji una soko, una stendi, una maduka, una nyumba za wageni, una misikiti na makanisa, una baa za kila hadhi. Umekosa mahali pa wazi ambapo ni pa kila mtu. Ukosefu huo usichukuliwe kuwa jambo dogo la kusubiri mpaka mji utajirike, kwa sababu eneo la wazi ndicho kitu pekee katika orodha ya mahitaji ya mji ambacho kikichelewa hakipatikani tena. Shule inaweza kujengwa ghorofa. Kituo cha afya kinaweza kupanuliwa. Ardhi iliyokwisha kujengwa nyumba mia mbili haigeuki kuwa bustani bila machozi ya watu na mabilioni ya fidia.

Wengi wakisikia habari za kupunga upepo hufikiria pwani, na kusema pwani imejaliwa bahari, bara litapata wapi? Ukweli ni kwamba bahari peke yake haijampa mtu pa kukaa. Dar es Salaam ina pwani ndefu, na sehemu kubwa ya pwani hiyo leo iko nyuma ya kuta za hoteli, za nyumba binafsi na za ofisi za mabalozi. Sehemu ambazo mwananchi wa kawaida anaweza kwenda akiwa na nauli tu mfukoni zinahesabika kwa vidole. Hizo chache zipo kwa sababu kuna mtu alichora mstari kwenye ramani, na kuna watu wengine waliokuja baadaye wakakataa mstari huo usifutwe.

Coco Beach ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Ufukwe huu uko kando ya Barabara ya Toure, Oyster Bay, mtaa ambao Waingereza waliutenga kwa makazi ya Wazungu. Baada ya Uhuru nyumba zilipata wakazi wengine, wengi wao wakubwa wa serikali na mashirika, lakini ufukwe wenyewe ukageuka kuwa wa jiji zima. Leo Jumapili wanakuja watu wa Manzese, Tandale, Mbagala na Gongo la Mboto. Wengine wamepanda daladala mbili, wakashuka na kumalizia kwa miguu, watoto wamevaa nguo za sikukuu, mama amebeba chupa ya maji na kanga ya kutandika. Maji yakipwa, miamba inatokea na watoto wanatafuta kaa kwenye vidimbwi. Yakijaa, vijana wanaogelea na wazazi wanapiga kelele wasiende mbali.

Halafu kuna mihogo. Muuzaji wa Coco Beach ana jiko la mkaa, karai la mafuta na beseni la mihogo iliyomenywa na kukatwa vipande virefu. Wapo wanaokaanga, wapo wanaochoma. Ukishaiva, muhogo unapasuliwa katikati kwa kisu, unatiwa chumvi na pilipili ya kusaga, na pembeni kachumbari ya nyanya na vitunguu. Hapo mtu anaamua kama anaongeza mishikaki au anaishia hapo. Jirani yupo wa madafu, anayekata kichwa cha dafu kwa panga mara tatu na kukukabidhi. Huu ni mlo wa bei ndogo ambao mwenye gari la kifahari na kondakta wa daladala wanaula wakiwa wamesimama mahali pamoja, pengine wakigombea kibakuli kimoja cha pilipili. Ni wapi pengine katika jiji hilo watu hao wawili hukutana bila mmoja kumhudumia mwenzake?

Ufukwe huo ulikaribia kupotea. Kwa miaka mingi kulikuwa na mgogoro kuhusu nani mwenye haki ya kuuendeleza, mwekezaji binafsi upande mmoja na mamlaka za umma upande mwingine, na mambo yakafika mahakamani. Wakazi, waandishi wa habari na viongozi walipaza sauti kwamba eneo hilo libaki wazi. Lilibaki, na baadaye Manispaa ya Kinondoni ikaanzisha mradi wa kuliboresha. Sheria nayo ilikuwa upande wa umma: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Hata hivyo sheria haitembei kwa miguu yake. Coco Beach ilipona kwa sababu watu walikuwa wanaitumia, kila wiki, kwa maelfu, na kuwanyima kungekuwa na gharama ya kisiasa. Ufukwe usio na watu ungekwisha kuzungushiwa ukuta zamani.

Machi 2022 lilipofunguliwa Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kilomita 1.03 likipita juu ya maji kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi Coco Beach, wahandisi walikuwa wametengeneza njia ya magari kwa ajili ya kupunguza foleni ya daraja la Selander. Wananchi wakalifanya pia kuwa mahali pa matembezi. Jioni wanatembea, wanakimbia, wanapiga picha za harusi na za mahafali. Tazama kiu hiyo: watu wa jiji la watu milioni tano na zaidi wakipewa njia ya waenda kwa miguu yenye upepo na mandhari, wanaigeuza sebule.

Historia ya Mnazi Mmoja, jijini humo humo, ina uchungu zaidi na inafaa kukumbukwa. Uwanja ule haukuachwa wazi kwa kuwapenda Waafrika. Mipango ya wakoloni iligawa mji katika kanda, ya Wazungu, ya Wahindi na biashara, na ya Waafrika kule Kariakoo, na Mnazi Mmoja ukawa ukanda mtupu wa kutenganisha kanda mbili kwa kisingizio cha afya. Kipande cha ardhi kilichokusudiwa kuwatenga watu kikaja kuwa mahali wanapokutana: mikutano ya hadhara, sherehe za kitaifa, Mnara wa Uhuru, kivuli cha kupumzikia kwa aliyetoka Kariakoo na mzigo. Mkoloni alikuwa na nia mbaya, lakini ardhi iliyoachwa wazi iliwasubiri wenyewe.

Viwanja vingine vya wazi vya Dar es Salaam havikuwa na bahati hiyo. Kwenye michoro ya mipangomiji vilikuwepo, vimepakwa rangi ya kijani, vyenye namba. Ukienda leo unakuta kituo cha mafuta, gereji, ukumbi wa sherehe, au nyumba ya mtu mwenye hati. Profesa Anna Tibaijuka alipoingia Wizara ya Ardhi mwishoni mwa mwaka 2010, moja ya mapambano yake ya mwanzo na yaliyoonekana sana yalikuwa ya kurudisha viwanja hivyo. Palibomolewa kuta, watu wakaenda mahakamani, magazeti yakajaa. Ni kazi ngumu na ya gharama kurudisha kilichokwisha kuuzwa. Katoro bado iko kwenye hatua ambayo kazi hiyo inaweza kuepukwa.

Zanzibar inafundisha jambo jingine, yaani utunzaji. Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib na Ngome Kongwe, ilikuwa sehemu ya maghala na shughuli za forodha kabla bandari haijahamia Malindi miaka ya 1920. Miaka ya 1930 ikatengenezwa bustani na kuitwa ya Jubilei. Kufikia miaka ya 2000 ilikuwa imechoka: majani yamekauka, mitaro imeziba, taa hazieleweki. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni kwa kushirikiana na Serikali ya Zanzibar ukaifanyia matengenezo makubwa, na mwaka 2009 ikafunguliwa upya ikiwa na njia za mawe, taa, viti, sehemu ya watoto na mahali maalumu pa wauza chakula. Wauzaji hawakufukuzwa. Walipangwa. Magharibi ikiingia, wapishi wenye makoti meupe wanawasha taa zao, wanapanga mishikaki ya pweza, kaa na samaki, urojo unachemka, mashine ya miwa inakamua. Vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani kwa mitindo yao ya makachu, na kila anayeruka vizuri anapigiwa makofi na watu wasiomjua.

Kuna kitu Forodhani ambacho mgeni kutoka miji ya machimbo atakiona haraka kuliko wenyeji. Saa tatu usiku, mama na bibi na watoto wadogo wamekaa nje, wametulia, hawana haraka ya kurudi. Hakuna pombe, kuna mwanga, kuna watu wengi wa rika zote, na kwa hiyo kuna usalama. Hapa ndipo Katoro inapopungukiwa sana. Maana ikiwa sehemu pekee ya kukaa nje ni baa, basi nusu ya mji imefungiwa ndani. Mwanamke akikaa peke yake pale anasemwa. Mtoto haruhusiwi, na akiruhusiwa anaona asiyopaswa kuona. Mzee hana pesa ya soda tatu. Aliyeokoka na asiyekunywa kwa sababu ya dini yake wanabaki nyumbani, uani, wakisikiliza muziki wa jirani. Kijana aliyepata gramu zake mbili machimboni, ambaye hakika anastahili kupumzika baada ya siku nyingi za kuwa ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, anapewa namna moja tu ya kupumzika, na namna hiyo inamrudisha duarani Jumatatu akiwa hana kitu.

Mombasa nayo iligusa sehemu yake ya kale. Sehemu iitwayo Mama Ngina, kwenye mlango wa Likoni, penye mibuyu mikubwa na meli zinazopita karibu kiasi cha kusoma jina, ilikuwa kwa miaka mingi mahali pa viazi karai, mihogo, kachri na madafu. Serikali ikaitengeneza upya, na tarehe 20 Oktoba 2019 Siku ya Mashujaa ikaadhimishwa hapo kitaifa. Wauzaji walikuwa na wasiwasi wa kupoteza nafasi zao, na wasiwasi huo ulikuwa wa haki. Mahali pa kupumzikia bila mwenye karai la viazi ni mahali pa kupiga picha tu.

Nairobi haina bahari, na kisa chake kinafaa kusomwa na diwani yeyote wa mji wa bara. Uhuru Park ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969. Mwaka 1989 chama tawala kilipanga kusimika ndani yake jengo la ghorofa 60 la chombo chake cha habari. Wangari Maathai akaandika barua, kwa serikali, kwa balozi, kwa mashirika ya nje, akauliza kama watu wa Nairobi wana haki ya kivuli au hawana. Alitukanwa bungeni. Wafadhili wakajitoa, mradi ukafa, na mama yule mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Bustani ipo. Kila siku ya kazi, saa za mchana, wamelala kwenye majani yake watu wasio na ofisi ya kurudia.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya pwani na ya miji mikubwa, Msukuma ana mila yake na Mzinza ana yake. Lakini ni katika mila hiyo hasa ambapo hoja ya uwanja wa wazi ina nguvu zaidi. Baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, Usukuma wote ulikuwa ukitoka nje. Mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vilivyoanza karne ya 19, hayakuchezwa ukumbini. Yalihitaji uwanja mpana, kwa sababu vikundi viwili vilicheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi zaidi. Umati ulikuwa ukihama, unakimbilia huku wanakocheza na chatu, unarudi kule bugobogobo inakopigwa na majembe yanarushwa juu. Bila eneo la watu kukimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine, hakuna hukumu. Padri David Clement, Mkanada aliyejenga Bujora pale Kisesa, alilielewa hilo, na hadi leo sherehe za Bulabo hufanyika nje, kila mwaka mwezi wa sita, na watu hutoka mbali kuja kuziona.

Nyumbani nako kulikuwa na shikome, moto wa jioni wa uwanjani, wazee na vijana wakizunguka, habari zikapewa na vijana wakafundwa. Hiyo nayo ilihitaji kiwanja mbele ya nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja Katoro hana kiwanja. Nyumba zimegusana, uani kuna vyoo na jiko, mbele kuna fremu za maduka. Kile ambacho kijiji kilimpa kila mtu kwenye mji wake, katika mji wa kisasa lazima kitolewe kwa pamoja, la sivyo hakipo.

Na ikiwa swali ni kama watu wa ukanda huu wanaweza kuafikiana kutenga ardhi na kuiheshimu, jibu lilishatolewa Shinyanga. Miaka ya 1980 ardhi ya mkoa ule ilikuwa imebaki uchi. Misitu ilikuwa imefyekwa, mingine kwa ajili ya kuua mbung'o, mingine kwa mashamba ya pamba na mifugo. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, na badala ya kuleta kitu kigeni ukafufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho, kuyafunga kipindi cha mvua na kuyafungua kiangazi. Ulipofikia tamati mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudisha miti na majani, katika vijiji zaidi ya 800. Walinzi walikuwa sungusungu na sheria za kijiji. Aliyeingiza ng'ombe kabla ngitili haijafunguliwa alitozwa faini mbele ya watu. Jamii iliyoweza kuambiana "hapa tusiguse" kwa ajili ya ng'ombe inaweza kuambiana hivyo kwa ajili ya watoto wake.

Watoto ndio wanaolipa gharama kubwa kuliko wote. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd, watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi wa disko mjini Tabora. Walikuwa wamejazana ndani kupita kiasi, hewa ikakosekana, wakakanyagana. Taifa lilihuzunika, serikali ikapiga marufuku disko toto, na tangu hapo kila sikukuu ikikaribia polisi hutoa onyo hilo hilo. Marufuku ilikuwa ya lazima. Lakini mtoto aliyekatazwa ukumbi bado amevaa nguo mpya, ana shilingi mia tano mkononi, na anataka kutoka. Zanzibar anakwenda Mnazi Mmoja ya huko huko kwenye viwanja vya sikukuu, Dar es Salaam anakwenda Coco, Mwanza kuna viwanja vya Furahisha pale Kirumba. Katoro anakwenda barabarani, kutembea kando ya lami kati ya bodaboda na malori, kwenda na kurudi mpaka giza liingie. Siku nyingine anakwenda kuchezea karibu na mialo ya kuchenjulia dhahabu, kwenye madimbwi ambayo hakuna mzazi anayejua yana zebaki kiasi gani.

Viwanja vya shule za msingi vinasaidia, na pasingekuwa navyo hali ingekuwa mbaya zaidi. Ila vina saa zake, vina walimu wake, na shule zenyewe zinahitaji kila kona ya kuongezea madarasa.

Linapokuja suala la namna ya kulifanya, kwanza ifahamike kwamba urasimishaji wa makazi hautalitatua. Programu ya taifa ya urasimishaji, iliyoendeshwa kati ya 2013 na 2023, iliwapa wananchi wengi hati na usalama wa milki, na hilo ni jambo jema. Lakini urasimishaji unapima kilichopo. Mpimaji anafika, anakuta nyumba, anaweka alama kwenye pembe, anaomba majirani wasogeze uzio kidogo barabara ipite. Hakuna mtu atakayejitolea kiwanja chake kizima kiwe bustani, wala si haki kumwomba. Eneo la wazi lazima litafutwe pale ambapo nyumba hazijafika: kwenye mashamba ya pembezoni, upande wa Ludete, Nyamigota au kokote ambako bado mihogo na mahindi ni mingi kuliko mabati. Leo ni mbali kidogo na katikati ya mji. New York ilipopitisha sheria ya kutenga ardhi ya Central Park mwaka 1853, wakazi wake wengi walikuwa wakiishi kusini kabisa, na eneo hilo lilionekana kama porini. Sasa ndilo katikati. Hata hivyo pale palikuwa na kijiji cha Seneca, chenye Wamarekani Weusi waliomiliki nyumba na makanisa yao, wakaondolewa. Hilo lisirudiwe. Mwenye shamba Katoro alipwe fidia kamili, kwa wakati, kabla ya jembe la kwanza la halmashauri kuingia.

Pesa zinatoka wapi? Geita si mkoa wa kuuliza swali hilo kwa sauti ya unyonge. Mgodi wa Geita Gold Mine umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni ya kuchimba aandae kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii, unaopitishwa na halmashauri husika. Juu ya hapo kuna ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo na kuingia halmashauri. Fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na visima, na hakuna mwenye akili timamu atakayezipinga. Hoja ni kwamba katika orodha ndefu ya kila mwaka, ekari 10 za ardhi ya wazi zingechukua sehemu ndogo sana, tena mara moja tu. Dhahabu itakwisha siku moja, kama ilivyokwisha kwenye machimbo mengine. Itakuwa aibu kama mji ulioishi kwayo utabaki na mashimo na maduka peke yake.

Liko pia tatizo la mpaka, na halizungumzwi vya kutosha. Katoro na Buseresere ni mji mmoja kwa macho ya anayepita. Watu wanaoana, wanauziana, wanazikana. Lakini Katoro iko Wilaya ya Geita na Buseresere iko Wilaya ya Chato, na kabla ya 2012 zilikuwa hata mikoa tofauti, moja Mwanza na nyingine Kagera. Kila halmashauri ina mchoro wake, bajeti yake na madiwani wake. Matokeo yake ni kwamba kila upande unaweza kusubiri mwenzake aanze. Uwanja wa pamoja, ulioko karibu na mpaka huo na kusimamiwa na kamati yenye wajumbe wa pande zote mbili, ungekuwa mgumu kuanzisha kuliko wa upande mmoja. Ungekuwa na watumiaji mara mbili vilevile, na Coco Beach inaonyesha kwamba watumiaji wengi ndio hati miliki imara kuliko zote.

Ndani ya uwanja huo kisiwekwe kingi. Miembe na miti mingine ya kivuli ipandwe mapema, hata kabla ya uzio, kwa sababu mti hauwahi kuchelewa kupandwa ila kivuli chake huchelewa kufika. Sehemu ya vumbi iliyosawazishwa kwa mpira na ngoma, mabenchi ya saruji yasiyobebeka, pembea. Bomba la maji. Taa za sola, maana bila mwanga akina mama wataondoka saa kumi na mbili na uwanja utabaki kwa wahuni. Vyoo, na mtu anayelipwa mshahara kuvisafisha, kwani maeneo mengi ya umma nchini yameuliwa na choo kuliko na mvamizi. Wauza mihogo, michembe, karanga, sato wa kukaanga na juisi ya miwa wapewe sehemu yao, walipe ushuru mdogo, na ushuru huo ubaki hapo hapo kulipia ufagio na taa. Pombe isiingie. Zipo sehemu za kutosha za kuinywea.

Na hati ya eneo hilo iandikwe kwa jina la umma chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, mipaka ipandwe mawe, na ramani yake ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya kata ambako kila mtu anaweza kuisoma. Kikao cha bajeti cha baraza la madiwani hufanyika kila mwaka, na mapendekezo huanzia kwenye mikutano ya mitaa na vitongoji. Hapo mwenyekiti akiuliza wananchi wanataka nini, safari hii mama mmoja asimame aseme watoto hawana pa kuchezea, na jina la eneo analolijua lililo wazi liandikwe kwenye muhtasari.